Germano Nampindo na Mashine ya Maji Iliyopaswa Kujieleza

Wasifu huu umesomwa na mdogo wa marehemu, Luísa Lázaro Nampindo, katika makaburi ya Palma, Jumamosi tarehe 23 Julai 2016

Tunayemzika asubuhi hii ni Germano Lázaro Nampindo, mhandisi wa umeme, mume wa Ana, baba wa Jéssica na Lázaro, na fundi wa kisima cha mtaa wa chini hapa Palma. Familia ilipokaa kuandika maneno haya ilivutana kidogo kuhusu kipi kitangulie. Ana alisema kisima kije mwisho, kwa kuwa wakati wa uhai wa mumewe kiliwahi kutangulia mara nyingi mno. Tumemtii.

Germano alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968 kijijini Kitaya, upande wa Tanzania wa mto Ruvuma. Wazazi wake, Mzee Lázaro Nampindo na Mama Albertina, walikuwa wamekimbilia huko kutoka Mueda kwa sababu ya vita vya ukombozi. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975 familia ilirudi Mueda, juu kwenye uwanda ambako ardhi ni nzuri lakini maji hayapo, na wanawake hushuka bondeni alfajiri na kupanda tena na mitungi kichwani. Mtoto aliyemwaga maji nyumbani kwa Mama Albertina alikuwa na la kujibu. Sote watano tunakumbuka.

Tabia iliyomfanya Germano kuwa Germano ilionekana mapema. Siku moja mama alimtuma akaangalie maharage jikoni kama yameiva. Alirudi akasema, "Yameiva kiasi."

"Kiasi gani?"

"Mengine yameiva sana, mengine kidogo, na mengine bado yanafikiri."

Alipigwa kofi. Mama, aliyeketi hapa mbele, ametuagiza tuliandike jambo hili kama lilivyotokea, na tuongeze kwamba kofi lile hajalijutia.

Masomo aliyaanza Kitaya kwa Kiswahili. Mueda aliyaanza upya kwa Kireno, akiketi darasa moja na watoto waliomfikia begani, wakimcheka jinsi alivyotamka. Alivumilia. Baadaye alisoma sekondari Pemba, akafanya kazi ya kufunga nyaya za umeme kwa muda, kisha mwaka 1990 akaingia chuo kikuu Maputo na kumaliza uhandisi wa umeme mwaka 1996. Huko ndiko mwalimu mmoja alikowaletea elimu ambayo Kireno huiita lógica difusa. Alipokuja nyumbani likizo alitueleza kwa Kiswahili, akaiita mantiki ya kiasi, na kwa mara ya kwanza tukamwona mtu mzima amefurahi kama aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea.

Alivyotueleza ni hivi, nasi tunaviandika kwa sababu bila hivyo maisha yake hayaeleweki. Kompyuta ya kawaida inajua ndiyo na hapana. Ukiiambia kwamba joto la digrii thelathini ni joto kali, basi kwake ishirini na tisa si kali hata kidogo. Binadamu hasemi hivyo. Katika mantiki ya kiasi kitu kinaweza kuwa ndani ya neno kwa sehemu: maji yawe matamu kwa sehemu kubwa na ya chumvi kwa sehemu ndogo, yote mawili kwa wakati mmoja. Halafu unaiandikia mashine kanuni kwa maneno ya watu: joto likizidi kidogo, punguza kidogo, likizidi sana, punguza sana. Mama Albertina alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama serikali inalipa watu kwa ajili ya hayo.

Walimlipa. Kuanzia 1996 alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha saruji kusini mwa nchi. Tanuri la kiwanda kile liliongozwa na mafundi wazoefu waliochungulia moto kwa kioo cheusi na kusema "umechangamka mno" au "umelala". Germano alikaa nao miezi, akageuza maneno yao kuwa kanuni, na tanuri likajiendesha kwa kanuni hizo vizuri kabisa, hadi kiwanda kilipoanza kuletewa makaa ya mawe ya aina nyingine. Moto ukabadilika sura. Kanuni zikabaki zinasema yale yale ya zamani, kwa uhakika ule ule, na saruji ikaharibika. Ilibidi aketi upya na mafundi na kurekebisha kila neno kwa mkono. Alisema baadaye kwamba siku hiyo alijua elimu yake ina ugonjwa gani: inasema vizuri, lakini haijifunzi.

Katikati ya shughuli hizo alifunga ndoa na Ana Raimundo, muuguzi mwenye asili ya Nangade, tarehe 12 Septemba 1998, katika kanisa la Mueda. Padri alipomuuliza kama anamkubali Ana awe mke wake, Germano alinyamaza. Kanisa likanyamaza naye. Wajomba wa bibi harusi wakaanza kutazamana. Ana alimbana kidole, ndipo akasema ndiyo, kwa sauti iliyofika mlangoni. Alipoulizwa nje kisa cha kumtia mwenzake jasho namna ile, alijibu kwamba alikuwa anatafuta kama kuna sehemu yake yoyote, hata ndogo, inayokataa, na hakuipata. Ana amesimulia habari hiyo kwa miaka kumi na minane, na kila mara alimaliza kwa kusema kwamba angeweza kutafuta jana yake.

Mwaka 2004 kiwanda kilimpeleka Brazil kwa masomo zaidi, na huko alikutana na ndugu wa pili wa hadithi hii, mitandao ya neva. Hii ni kompyuta iliyopangwa kwa kuiga kidogo jinsi ubongo unavyoungana. Huiandikii kanuni. Unaipa mifano mingi pamoja na majibu yake. Kila inapokosea inajisogeza kidogo ndani, hapa ikiongeza uzito, pale ikipunguza, mpaka inapatia. Inajifunza kweli. Lakini ukiiuliza imejuaje, haina la kukuambia, kama mpishi mwenye mkono mzuri asiyeweza kukupa kipimo. Germano alirudi akisema kwamba hawa wawili wanafaa kuoana: mmoja anasema asichoweza kujifunza, mwingine anajifunza asichoweza kusema. Wengine duniani walikuwa wamekwisha kuifunga ndoa hiyo kabla yake, na yeye hakujidai kwamba ameibuni. Alichotaka ni mahali pa kuitumia.

Mahali palijitokeza. Gesi ilikuwa imeonekana chini ya bahari mbele ya pwani yetu, na tangu 2010 kila baada ya muda ilisikika kwamba imeonekana nyingine. Palma ikajaa wageni, pikipiki, na watu waliouliza wapi pa kulala. Wote hao walihitaji kunywa. Oktoba 2011 Germano aliajiriwa na kampuni ya ukandarasi iliyopewa kazi ya kuongeza maji ya mji, akahamia hapa na familia yake. Kampuni ilikuwa na vyanzo viwili: bomba kutoka visima vya upande wa Mute, lenye maji machache ya uhakika, na kisima kirefu cha mtaa wa chini karibu na ufuo, chenye maji mengi lakini kinachopakana na bahari. Kisima cha namna hiyo ukikipampu polepole kinakupa maji matamu. Ukikipampu kwa pupa, hasa bahari ikijaa, unavuta chumvi ndani, na chumvi ikishaingia kisima hakiponi. Ndiyo maana mkandarasi aliweka sharti tangu mwanzo: kisima kikikosa usimamizi wa kuaminika, kizibwe kwa zege, na mtaa wa chini upewe maji kwa gari. Watu wa mtaa walijua maji ya gari huja lini. Yakija.

Basi kazi ya Germano ilikuwa kuhakikisha kisima hakizibwi.

Ndani ya kisima kulikuwa na kipimo cha chumvi kilichotoa namba. Lakini namba haimwambii mtu kama atakunywa. Kwa hiyo Germano aliwaomba watu wa mtaa waonje maji nyakati mbalimbali za siku na waseme kwa maneno yao: matamu, chumvi kidogo, chumvi, machungu. Waonjaji wakuu walikuwa Bi Zubeida, anayeuza vitumbua karibu na msikiti, na Mzee Buanali, mwashi. Chamima, aliyeajiriwa kuangalia pampu, aliandika neno walilosema kando ya namba ya kipimo, saa, na hali ya bahari. Hiyo ndiyo ilikuwa mifano ya kufundishia mashine.

Mkuu wake wa kompyuta alikuwa Engenheiro, yaani Mhandisi, Paulino, kijana wa Maputo, ambaye amesafiri kuja hapa leo na ametupa ruhusa tumtaje. Paulino alitaka mtandao wa neva mtupu. Germano alitaka ndoa yake. Katika mfumo wa Germano kanuni za maneno zilipangwa kwa umbo la mtandao: tabaka la kwanza linapokea namba na kusema ni chumvi kidogo kwa kiasi gani, la pili linaunganisha masharti, la tatu linaamua pampu iende vipi. Mashine ikikosea, kosa linarudi nyuma na kusogeza mipaka ya maneno yenyewe, pale "matamu" yanapoishia na "chumvi kidogo" yanapoanzia. Ikishajifunza, bado unaweza kuifungua na kuisoma kama sentensi.

Walibishana karibu kila siku kwenye kibanda cha pampu.

"Colega, mwenzangu," Paulino alikuwa akisema, "mtandao wangu unakosea mara chache kuliko wako. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua umefunga maji kwa nini."

"Kwa sababu uzito wote mle ndani umejumlishwa ukatoa jibu la kufunga."

"Nenda kamwambie hivyo Bi Zubeida na ndoo yake."

Paulino naye hakuwa na hoja ya mchezo. Alimwonyesha kwa hesabu kwamba mtandao wa aina fulani na kanuni za aina fulani ni kitu kile kile kilichovaa nguo mbili. Alimwonyesha pia kwamba kila ukiongeza kitu cha kupimwa, kanuni zinazaana, na zikifika mamia hakuna atakayezisoma, hivyo kusomeka kwake ni jina tu. Germano alikubali yote mawili. Ndiyo maana alikataa kuongeza vipimo, akaridhika na mashine inayokosea zaidi kidogo lakini inayosomeka kwa kikao kimoja. Mkandarasi aliamua mifumo yote miwili ifundishwe kwa mifano ile ile, wa Germano uendeshe pampu kwa majaribio, na baadaye uchaguliwe mmoja.

Ilikuwa katikati ya mwaka 2013. Mifano ikakusanywa, mashine zikafundishwa, zikapimwa, zote mbili zikapata alama nzuri. Agosti pampu ikakabidhiwa kwa mashine. Tangu siku za kwanza, jua likishakaribia kuzama, mashine ilifunga kisima cha mtaa wa chini. Bahari ijae, ipwe, kipimo kiseme lolote, jioni ilifunga. Jioni ndipo watu wanapika, wanaoga, wanatia udhu. Mtaa ukachemka. Ofisini wakasema mashine inaona jambo ambalo watu hawalioni, pengine chumvi imeanza kuingia, na kama ndivyo muda wa zege umefika. Waliagiza simenti.

Germano aliogopa. Hilo Ana alilishuhudia, na ametaka lisemwe, kwa sababu watu walimwona mtulivu. Hakula siku hiyo. Alisema kwamba akikipoteza kisima kwa kosa ambalo hakulielewa, hataweza kupita tena mtaa ule.

Alifanya jambo ambalo kwa mtandao mtupu lisingewezekana. Aliifungua mashine akaisoma, kanuni baada ya kanuni, Paulino akiwa ubavuni. Nyingi zilikuwa na akili. Moja ilisema, kwa uzito mkubwa kuliko zote: ikiwa ni jioni, maji yana chumvi. Bila kujali kipimo. Walitazamana. Hakuna maji yanayojua saa. Germano alifuata kanuni ile kwenye mifano iliyoizaa, akaona jambo ambalo lilikuwa wazi muda wote: katika mwezi mzima wa kukusanya mifano, hakuna aliyeonja mchana isipokuwa siku chache za mwanzoni. Walionja jioni tu. Alikwenda kwa Bi Zubeida moja kwa moja, akamkuta anakanda unga.

"Mama, kwa nini hamkuonja mchana?"

Bi Zubeida alimtazama kuona kama anatania. "Mwanangu, si tulikuwa tumefunga?"

Ramadhani. Mkristo wa Mueda, mwenye shahada na masomo ya Brazil, anayeishi kati ya misikiti, alikuwa amewaomba watu waliofunga waonje maji saa za mchana, na hakuwaza. Na wao, kwa adabu, hawakumwambia. Mzee Buanali alieleza kwamba waliona mtu mwenyewe ni mpole na amewapa kazi, wakadhani bila shaka anajua, na si vizuri kumkumbusha mtu mzima jambo linalojulikana na kila mtu. Kwa hiyo waliisogeza kazi mpaka baada ya futari.

"Na mlikuwa mmeshakula?" aliuliza Germano.

"Ala! Tende, tambi za sukari, uji mtamu," alisema Bi Zubeida. "Kinywa kimejaa sukari halafu unapewa maji ya kisimani. Hata ya mvua ungeyaona yana chumvi. Tulisema tulichokionja, baba. Hukutuuliza tumekula nini."

Inasemekana Germano alicheka mpaka akaketi kwenye gunia la unga, na Bi Zubeida akacheka pia, ingawa hakujua bado kwamba kicheko kile kilikuwa cha kisima kupona.

Kilichofuata kilikuwa mkutano, mbele ya kibanda cha pampu, watu wa mtaa na watu wa ofisi pamoja. Germano aliwasomea kanuni za mashine kwa Kiswahili, zote, watu wakikubali hizi na kuzizomea zile. Alipofika ile ya jioni aliwaeleza ilikotoka. Watu walicheka, lakini si wote. Kuna waliokosa maji ya kumwoshea maiti wao jioni moja ya wiki ile.

Mzee Buanali alisimama. "Basi, Engenheiro, kosa ni la mashine?"

"La mashine hapana, mzee. Ilisema tulichoifundisha. Langu kwa sehemu kubwa, kwa kuwa sikuuliza. Lenu kwa sehemu ndogo, kwa kuwa hamkuniambia."

Mzee Buanali alifikiri. "Sehemu ndogo tunaichukua," alisema, akaketi.

Wakaonja upya, asubuhi, mchana na jioni, kabla ya kula. Mashine ikafundishwa tena, ile kanuni ikafa yenyewe kwa kukosa mifano ya kuilisha. Simenti iliyoagizwa ilijengea sakafu ya kibanda. Paulino kwa upande wake aliupima mtandao wake akakuta nao ulikuwa umejifunza jambo lile lile, mahali fulani ndani ya uzito wake. Amesema tuandike hivi: mtandao wake ungeendelea kufunga maji ya jioni, na wao ofisini wangeendelea kuuita sahihi, kwa kuwa hata mifano ya kuupimia ilitoka kwenye vinywa vile vile vyenye sukari. Mfumo wa Germano ndio uliochaguliwa. Urafiki wao ulianza hapo, na ubishi haukuisha.

Kisima kilipata miaka miwili ya amani. Mwishoni mwa 2015 kasi ya mambo ya gesi ilipungua, mkandarasi akafunga ofisi na kuondoka, akiacha pampu, kompyuta, na lile sharti lake: siku mashine itakapokosa mtu wa kuirekebisha, kisima kizibwe. Mtu huyo alikuwa mmoja tu, na wakati huo huo alikuwa ameanza kuvimba miguu.

Ana aliigundua miguu ile kabla ya daktari yeyote. Hospitalini Pemba, Januari mwaka huu, waliambiwa kwamba figo zote mbili zimechoka. Walimpangia chakula bila chumvi, na maji kwa kikombe. Mtu aliyeshinda akijali maji ya wengine akawa anapimiwa yake, na ilituuma kumwona. Tulimsihi aende Maputo kwenye mashine ya kusafisha damu. Alikwenda, akakaa hadi mwishoni mwa Mei, mwili ukakataa. Alirudi Palma akijua anarudi kufanya nini. Hatukukubaliana naye, mama kuliko wote, na hatutajifanya leo kwamba tulikubaliana.

Kitandani jambo lililomsumbua halikuwa maumivu. Alikuwa amemfundisha Chamima kuisoma mashine, na Chamima aliisoma vizuri. Lakini kusoma si kubadilisha. Bahari itabadilika, mji utakua, maneno ya watu yatasogea, kama yale makaa ya tanuri la saruji. Alimuuliza Ana mara nyingi, "Nani atakuja kukiambia kisima kwamba kimekosea?" Ana aliwaza kumpigia simu Paulino, lakini Paulino yuko Maputo, na kisima kiko hapa.

Baada ya Idi, Chamima alikuja kumwona. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida ya mgeni.

"Engenheiro, nimegusa mashine."

"Umegusa nini?"

"Nimeongeza neno."

Germano alimwomba Ana amkalishe kwa mito. "Neno gani?"

"Hayamfai mtoto." Chamima ana mtoto wa miezi minane. Alieleza kwamba kuna maji ambayo Bi Zubeida na Mzee Buanali huyaita matamu bila wasiwasi, naye mwenyewe huyanywa, lakini ukiyakorogea uji, mtoto anaukataa. Aliwauliza kina mama wenzake, wakasema wanayajua maji hayo siku zote. Hawakuwahi kuonjeshwa, basi hawakusema. Kwa hiyo Chamima aliwapa wao kuonja, wiki kadhaa kabla ya mfungo, akaifundisha mashine kwa neno lao. Neno jipya likajilaza lenyewe, sehemu juu ya "matamu", sehemu juu ya "chumvi kidogo". Sasa asubuhi, wakati wa uji, maji yakiingia humo, pampu inapunguza na bomba la Mute linafunguka zaidi.

"Imekosea?"

"Jumapili moja. Ilipunguza mno, matangi yakakauka. Nikaifungua nikaona mpaka wa neno umevutwa na mifano ya mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa anaota meno. Alikuwa anakataa kila kitu. Nikayatoa maneno yake, nikafundisha upya."

"Nani alikuambia uyatoe?"

"Hakuna. Nilikwenda kwake nikamuuliza."

Germano alifumba macho. Ana alidhani amezidiwa, akamshika mkono kutafuta mapigo ya moyo. Alikuwa analia. Miaka mitano alikuwa ameyasikiliza maji ya kisima kile, na neno hilo hakuwahi kulisikia. Kisha alimwambia Ana, "Mpigie Paulino. Mwambie kisima kina mwenyewe." Hakukiulizia tena. Siku zilizobaki alizungumza na watoto wake, akambishia mama yake habari za Kitaya, akaomba aimbiwe.

Alifariki nyumbani hapa Palma, Alhamisi tarehe 21 Julai 2016, kabla ya adhuhuri, Ana akiwa amemshika. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Marehemu ameacha mama mzazi, Mama Albertina, mjane, Ana, watoto wawili, Jéssica na Lázaro, na wadogo zake wanne. Baba yetu, Mzee Lázaro, alimtangulia mwaka 2003. Familia inamshukuru Padri, wauguzi wenzake Ana, Engenheiro Paulino, na majirani Waislamu wa mtaa wa chini waliochimba kaburi hili tangu alfajiri, wakiongozwa na Mzee Buanali.

Mtaona kwamba Chamima hayupo kati yetu. Alikuja nyumbani jana akaomba radhi. Saa hii bahari inajaa, na yeye yuko kwenye pampu.

Mungu ampokee Germano, na amlaze mahali penye amani.